Kinyumenyume: Fani ya Maelezo ya Kubadilisha Kabureta

Karibu kila maelezo ya kutengeneza injini ndogo yana sentensi moja inayobeba kazi ya kurasa nyingi. Hutokea baada ya mwandishi kumwongoza msomaji kufungua kila kitu, bolti baada ya bolti, na mashine imekwisha kuwa vipande. Hapo mwandishi huandika kwamba kufunga ni kinyume cha kufungua, akaweka nukta, akaondoka. Sisi wahakiki tumezoea kuitafuta fani katika riwaya na ushairi. Leo naitafuta kwenye karatasi yenye madoa ya oili, kwa sababu sentensi hiyo, kabla ya kuwa ushauri wa ufundi, ni dai kuhusu muundo. Inadai kwamba nusu ya pili ya kisa imo tayari ndani ya nusu ya kwanza, na kwamba msomaji hana haja ya kitu zaidi ya kusoma kutoka chini kwenda juu. Dai hilo kwa sehemu kubwa si kweli. Maelezo mazuri hutambulikana kwa pale yanapolivunja.

Nachukua mfano wa mashine ya kukata nyasi ya kusukumwa kwa mkono, ya huko Marekani, yenye injini ya Briggs & Stratton. Kampuni hiyo ilianzishwa Milwaukee, Wisconsin, mwaka 1908, na mwaka 1953 ikaleta injini ya alumini iliyopunguza sana uzito wa mashine za bustani. Kwetu nyasi nyingi bado zinakatwa kwa fyekeo, na injini ndogo tunaijua zaidi kwenye pampu ya maji na jenereta. Kule kaskazini mwa Marekani mashine hii ina msimu. Nyasi zikilala kwa baridi, nayo hulazwa gereji, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, mara nyingi ikiwa na petroli ndani ya bakuli la kabureta. Petroli ya huko kwa kawaida huwa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu. Sehemu nyepesi za mafuta huruka, kinachobaki huwa kama gundi, na gundi hiyo huziba jeti, ambayo tundu lake ni jembamba mno. Watengenezaji wanashauri petroli itakayokaa zaidi ya siku 30 itiwe dawa ya kuihifadhi. Wengi hawatii. Majira ya kuchipua yakifika kamba inavutwa, injini inakohoa, inazima. Miji mingi ya huko ina sheria ndogo zinazokataza nyasi za uani kupita urefu fulani. Kwa hiyo msomaji wa maelezo haya ni mtu mwenye haraka, na pengine jirani anamchungulia.

Ili tusome kwa karibu tunahitaji matini mbele yetu. Hii nimeitunga mwenyewe kwa kufuata desturi ya uandishi huu, na kasoro zake nimeziacha makusudi kwa kuwa ni kasoro za fani nzima:

Ng'oa waya wa plagi na uuweke mbali. Funga koki ya petroli. Ondoa kifuniko cha chujio la hewa, kisha chujio lenyewe. Bana mpira wa mafuta, legeza klipu, vuta mpira. Fungua bolti mbili zinazoshika kabureta. Vuta kabureta taratibu na, huku ukiizungusha, chomoa fimbo ya gavana na springi yake. Ondoa gasketi. Safisha uso. Funga kabureta mpya kwa kufuata hatua hizi kinyumenyume. Washa injini.

Sentensi kumi. Nane za kufungua na kusafisha, moja ya kufunga, moja ya kuwasha. Mizani hiyo tu ingetosha kumtia mhakiki shaka: mashine haikufunguliwa ili ibaki wazi, na lengo zima la kazi liko katika sentensi ya tisa, ambayo haisemi kitu.

Mwanzo wake una asili ndefu. Mtunzi wa utenzi wa jadi huanza kwa jina la Mungu, kisha huagiza karatasi na wino, ndipo aingie kwenye kisa. Msikilizaji anaujua utangulizi huo na anaungoja, na usingekuwapo angehisi pengo. Maelezo ya injini nayo yana utangulizi wake wa lazima: injini ipoe, usivute sigara, fanya kazi mahali penye hewa, ng'oa waya wa plagi. Sheria imeunenepesha utangulizi huu. Mashine za kusukuma zilizotengenezwa kwa soko la Marekani baada ya tarehe 30 Juni 1982 zinatakiwa kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachia mpini, na pamoja na kanuni hiyo zikaja lebo na maonyo yaliyojaza kurasa za mwanzo za vitabu. Matokeo yake kifani ni mabaya. Maonyo yote yana sauti moja, lile la kumkinga mtu na lile la kuikinga kampuni na kesi, na msomaji huyaruka yote kwa pamoja.

Hata hivyo moja kati yao ni sehemu ya kisa. Kisu cha mashine hii kimefungwa kwenye shafti ileile ya injini, moja kwa moja. Ukikizungusha kisu, umeizungusha injini, na sumaku iliyo kwenye flaiwili haiulizi kama ni kamba au ni mkono. Itapeleka umeme kwenye plagi, na kama ndani ya silinda kuna mvuke wa petroli, injini inaweza kushtuka huku mkono uko chini. Mwandishi mwenye sikio angeitoa sentensi ya waya katika rundo la maonyo na kuiweka peke yake, kama tendo la kwanza la kisa, pamoja na sababu yake. Katika matini yetu imewekwa ya kwanza, na hilo ni jema, ila sababu haikutajwa.

Kinachokosekana kabisa mwanzoni ni utambulisho wa mhusika. Injini ya Briggs & Stratton hupigwa chapa, kwenye bati lake, namba za makundi matatu: modeli, aina na kodi. Tarakimu za kwanza za modeli hueleza ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Kodi huanza na mwaka, mwezi na siku ya kutengenezwa, kwa hiyo kodi inayoanza na 030512 ni ya injini iliyotoka kiwandani tarehe 12 Mei 2003. Injini mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutumia kabureta tofauti, na tofauti hiyo imeandikwa pale kwenye bati. Maelezo yanayoanza na waya wa plagi bila kumtuma msomaji akasome bati hilo yanamruhusu afungue kila kitu ndipo agundue kwamba kabureta aliyonunua si ya mashine yake. Huo ni udhaifu wa msuko: jambo lililopaswa kujulikana katika ukurasa wa kwanza linafichuka mwishoni, na taharuki ya namna hiyo haina burudani kwa mtu aliyeshika spana.

Tuendelee na sentensi ya pili na ya nne, na hapa sitakaa sana. Mashine nyingi za aina hii hazina koki ya petroli, na ndiyo maana sentensi ya nne inasema mpira ubanwe. Sentensi hizo mbili zinafanya kazi moja. Zimebaki zote kwa sababu maelezo haya huandikwa kwa injini ishirini kwa pamoja, na mwandishi hujumlisha badala ya kuchagua. Msomaji asiye na koki atapoteza muda akiitafuta, na huenda akajiona mjinga.

Sarufi ya matini ndiyo inayonivutia zaidi. Vitenzi vyote ni amri, na karibu kila kimoja kina shamirisho moja: funga koki, ondoa kifuniko, vuta mpira, ondoa gasketi. Hakuna mtendaji, hakuna hali, hakuna “ikiwa”. Mkono unaoamrishwa na sentensi hizi ni mkono mmoja unaofanya jambo moja, na jambo hilo hukubali mara ya kwanza. Bolti hazina kutu, klipu haijakaza. Kisha tunafika sentensi ya sita, na mwandishi anapoteza mwendo wake. Analeta “taratibu”. Analeta “huku ukiizungusha”. Kabureta inashikwa na kugeuzwa, na wakati uleule vitu viwili vinachomolewa. Sentensi imekuwa ndefu kwa sababu kazi imekuwa ya mikono miwili, na kwa kweli ingekuwapo mikono mitatu isingekaa bure. Hapa ndipo sarufi inapokiri jambo ambalo mwandishi hakukusudia kulikiri. Ukitaka kujua mahali pagumu katika maelezo yoyote ya ufundi, usitafute neno “makini”. Tafuta pale amri fupi zinaposhindwa na kiambishi -ki- kikaingia.

Ugumu huo uko wapi? Gavana ni kidhibiti mwendo. Ndani ya injini kuna vizito vidogo vinavyotawanyika injini inapozidi kasi, na kutawanyika kwake husukuma mkono ulio nje. Mkono huo, kwa fimbo, hufunga kibamba cha hewa ndani ya kabureta. Springi nyembamba huvuta upande wa pili, ikitaka kibamba kibaki wazi. Mwendo wa injini ni suluhu ya mvutano huo. Fimbo ina kona mbili mwishoni, haichomoki kwa kuvutwa tu, na ndiyo maana kabureta lazima igeuzwe. Springi nayo hukaa kwenye tundu lake, na mara nyingi pembeni ya tundu hilo kuna mengine yanayofanana nalo.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Tundu moja lina mwendo wake, tundu la pili lina mwendo mwingine. Kiwango cha usalama cha Marekani kwa mashine hizi hakiruhusu ncha ya kisu ipite futi 19,000 kwa dakika, yaani mita 96 na zaidi kidogo kwa sekunde. Kwa kisu cha inchi 21, ambacho ni sentimita 53 hivi, kikomo hicho kinafikiwa injini inapozunguka mara 3,450 kwa dakika au karibu na hapo. Springi ikirudishwa kwenye tundu lisilo lake injini inaweza kukipita kikomo hicho na msomaji asitambue, kwa sababu itawaka vizuri, tena kwa nguvu ya kupendeza. Au itapanda na kushuka mwendo bila kutulia, naye alaumu kabureta mpya.

Matini yetu inasema “chomoa”. Baada ya kuchomoa, habari ya tundu lipi imepotea. Haimo kwenye springi wala kwenye kabureta kuukuu, ilikuwa kwenye kugusana kwa vitu viwili, na kugusana kumekwisha. Mtu akifika sentensi ya tisa na kuambiwa arudi kinyumenyume, hana pa kurudi. Wahakiki wa riwaya tuna istilahi za mambo haya. Kuna mbinu rejeshi, msimulizi anapoturudisha kwenye lililopita, na kuna kiangaza mbele, anapotudokezea litakalokuja. Sentensi ya “kinyumenyume” inategemea mbinu rejeshi pasipo kuwa na kumbukumbu. Inachohitaji kazi hii ni kiangaza mbele: kabla ya kuchomoa springi, piga picha, au chora matundu yote na utie alama lile lenye springi. Ujuzi wa kufunga unapaswa kuandikwa ndani ya nusu ya kufungua, wakati jicho bado linaweza kuuona.

Fundi anayemfundisha kijana kwa mdomo hufanya hivyo bila kufikiri. Pale Gerezani, Dar es Salaam, au kwenye maduka na gereji za Kirinyaga Road, Nairobi, huwezi kumsikia fundi wa pampu akisema kufunga ni kinyume cha kufungua. Anayo nusu ya pili kichwani anapoanza ya kwanza, basi humwambia kijana papo hapo: hii iangalie ilivyokaa, baadaye itatusumbua. Simulizi yake inakwenda mbele ikitazama mwisho. Maandishi ndiyo yaliyoleta udanganyifu wa njia moja inayopitika pande zote mbili.

Nadhani udanganyifu huo ulizaliwa na mchoro. Kila kitabu cha vipuri kina mchoro wa mashine iliyotawanywa: sehemu zinaelea hewani, kila moja mbele ya mwenzake, zikiunganishwa na mstari wa vitone. Wahandisi wa Italia wa karne ya 15, Taccola na kisha Leonardo da Vinci, walikwisha kuchora mitambo kwa namna hiyo. Ni uvumbuzi mkubwa wa macho. Mstari wa vitone hauna mshale. Unasomeka kama njia ya kutoka na kama njia ya kurudi, na ndani ya mchoro zote mbili ni sawa kabisa. Humo kufunga ni kinyume cha kufungua kweli, kwa sababu mchoro hauna muda, hauna kutu, hauna petroli inayochuruzika kiganjani. Mwandishi anapoandika sentensi yake ya tisa anakuwa ameacha kuitazama mashine, anautazama mchoro.

Michoro ya Briggs & Stratton ina tabia moja ninayoipenda. Sehemu hupewa namba ya marejeo, na namba hiyo haibadiliki kutoka injini hadi injini. Kabureta ni 125, iwe ya injini kubwa au ndogo. Gasketi ya upande wa injini ni 51, ya chujio la hewa 163, ya bakuli 137. Boya ni 133. Springi ya gavana ni 209. Namba hizi hazielezi mpangilio wa kazi, huwezi kuanza na 51 ukapanda hadi 209. Ni majina. Aliyesoma michoro mingi akiona 209 anamjua mhusika kabla ya kusoma maelezo yake, kwa namna msikilizaji wa ngano anavyomjua sungura anapotajwa tu. Tatizo ni kwamba msomaji wa mara ya kwanza huona namba, na namba humfanya afikiri ni hatua. Mchoro na matini vinazungumza lugha mbili juu ya ukurasa mmoja, na sijaona maelezo mengi yanayomwonya msomaji kuhusu hilo.

Wapo waliojaribu njia nyingine. John Haynes, akiwa katika jeshi la anga la Uingereza, alitumwa Aden mwaka 1965, bandari ambayo mabaharia wa pwani yetu waliijua vizuri. Huko alimsaidia mwenzake kulijenga upya gari dogo aina ya Austin-Healey Sprite, akaona kitabu cha kiwanda hakimfai mtu wa kawaida, akapiga picha kila hatua ya kulifungua na kulifunga. Kitabu kilitoka mwaka 1966, na kikawa cha kwanza katika mfululizo uliosomwa na madereva kwa miongo. Picha, tofauti na mchoro wa vitone, huonyesha uchafu na tukio katika wakati wake. Hata hivyo vitabu vya aina hiyo navyo viliendelea kuitumia kanuni ya kinyume, maana karatasi ni ghali na nusu ya pili ingeongeza kurasa maradufu. Nakubali sababu hiyo ya kiuchumi. Sikubali ifanywe sababu ya kiufundi.

Sentensi ya nane, “Safisha uso”, ni maneno mawili. Katika kazi yenyewe inaweza kuwa hatua ndefu kuliko nyingine zote. Gasketi ya karatasi iliyopikwa na joto kwa miaka hushikamana na alumini, na alumini ni laini. Ukiikwaruza kwa bisibisi unaacha mfereji. Hewa itapita kwenye mfereji huo bila kupitia kabureta, mchanganyiko utakuwa na hewa nyingi kuliko inavyotakiwa, na injini itaanza tena kupanda na kushuka. Muda wa usimulizi na muda wa tukio si kitu kimoja, hilo tunalifundisha kwa wanafunzi wa riwaya: msimulizi hufupisha anachokiona chepesi na kurefusha anachokiona kizito. Hapa mfupishaji amefupisha kisicho chepesi. Kuvuta mpira wa mafuta kumepewa maneno mengi kuliko kusafisha uso ambao ukikosewa unaharibu kila kitu kilichotangulia. Nadhani sababu ni kwamba kusafisha hakuna umbo. Hakuna bolti ya kuhesabu, hakuna hatua ya kwanza na ya pili, kuna kurudiarudia tu mpaka kidole kisihisi kitu. Fani ya amri fupi haijui kusema “mpaka”.

Zamani fani hii ilijua. Kabureta ni bomba lililobanwa katikati. Hewa ikipita penye wembamba huongeza mwendo na shinikizo lake hushuka, kama Venturi wa Italia alivyoeleza karne ya 18, na petroli hupanda kupitia jeti ikachanganyika nayo. Ili petroli iungue vizuri, kilo moja yake inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Kabureta za zamani zilikuwa na skrubu ya kurekebisha uwiano huo, na maelezo ya kuirekebisha yalikuwa ya namna nyingine kabisa: kaza skrubu polepole hadi injini ianze kulegea kwa upungufu wa petroli, kisha ifungue hadi ianze kukohoa kwa kuzidiwa, halafu iache katikati ya pointi hizo mbili. Tazama muundo huo. Msomaji anapelekwa kwenye kosa la kwanza makusudi, anapelekwa kwenye kosa la pili makusudi, na usahihi unapatikana kati yake. Ni sentensi za sikio, na haziwezi kusomwa bila injini kuwaka. Wala haziwezi kusomwa kinyumenyume.

Kanuni za mazingira za Marekani kwa injini ndogo, zilizoanza na injini za mwaka 1997, ziliwafanya watengenezaji wazifunge skrubu hizo au waziondoe. Kanuni zilikuwa na haki, injini ndogo zilikuwa zinachafua hewa kupita ukubwa wake. Ila pamoja na skrubu zikaondoka sentensi za sikio. Maelezo yakawa ya kutoa na kuweka. Bei nayo ikasukuma upande huohuo. Kabureta ya kuigiza kutoka China inauzwa chini ya malipo ya saa moja ya fundi wa Marekani, na mtu anaona hakuna maana ya kuzibua jeti kwa waya mwembamba. Badala ya kumtibu mhusika, kisa kinamwondoa na kumleta mwingine mwenye sura yake.

Na huyo mwingine si yeye. Hili ndilo pigo kubwa kwa sentensi ya tisa. Kinyume kinahitaji kitu kilekile kirudi mahali palepale. Katika kazi hii kinachotoka ni kabureta kuukuu na kinachoingia ni mpya. Gasketi zinazotoka zimechanika na zinazoingia zina matundu madogo ambayo lazima yalingane na njia za kabureta, na gasketi ikigeuzwa njia huzibwa. Kabureta ya kuigiza inaweza kuja na mdomo wa mpira ulioelekea upande mwingine, au mkono wa choki mfupi kidogo. Mwandishi anasema “kinyumenyume”, hali msomaji yuko mbele ya jambo jipya ambalo halikuwamo katika kufungua. Kuna sehemu moja tu ambapo kanuni inasimama imara: waya wa plagi. Ulitoka wa kwanza, unapaswa kurudi wa mwisho, na kila kilichotokea katikati kimelindwa na mpangilio huo. Pengine kanuni nzima ilianzia hapo, ikatanuliwa hadi ikapoteza maana.

California imepitisha sheria, iliyotiwa saini mwaka 2021, inayozuia uuzaji wa injini ndogo mpya za petroli za aina hii kuanzia zile za mwaka 2024. Mashine ya betri haina kabureta, wala jeti, wala springi namba 209. Ila mashine za petroli zilizokwisha kuuzwa zitaendelea kufunguliwa kwa miaka mingi, na kuna mtu atakayezisomea maelezo, kwa hiyo kuyaboresha bado kuna faida.

Imebaki sentensi ya kumi. “Washa injini” ni mwisho wa ushindi: kazi imekwisha, kamba inavutwa, sauti. Kwa kweli haitawaka mara ya kwanza, na msomaji aliyefanya kila kitu sawa ataamini ameharibu. Bakuli la kabureta mpya ni tupu. Petroli lazima ishuke kutoka kwenye tanki, ijaze bakuli, iliinue boya, na boya lisukume sindano ifunge njia, ndipo kuwe na kitu cha kunyonywa kupitia jeti. Ni dakika chache, lakini hazimo katika matini, na kwa msomaji ambaye mikono yake inanuka petroli dakika zisizoandikwa ni ndefu. Ningeziondoa sentensi mbili za mwisho na kuweka hizi:

Kabla ya kukaza bolti, unganisha fimbo na springi kwenye kabureta mpya ikiwa bado mkononi, ukiangalia picha uliyopiga. Hakikisha matundu ya gasketi yanalingana na njia za kabureta pande zote mbili. Kaza bolti kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Rudisha mpira wa mafuta, kisha ngoja bakuli lijae, na wakati unangoja tazama chini yake: likidondosha petroli, sindano haijafunga, usiendelee. Pakiwa pakavu, rudisha chujio na kifuniko, kisha waya wa plagi. Vuta kamba. Isipowaka, bonyeza kibonyezo cha mpira mara chache, kama mashine yako inacho, uvute tena.